Jiko la Jangwani na Maji ya Lufilyo

Jiko la baba yangu lilihitaji vitu viwili ambavyo sisi hatukuwa navyo: petroli na jangwa. Alijifunza kulitengeneza vitani, huko kaskazini, alikokuwa msaidizi wa mpishi wa kikosi, ingawa wageni aliwaambia tu kwamba alikuwa "mbele". Unachukua debe, unalikata nusu, unatoboa matundu kuzunguka ukingo wa juu, unajaza mchanga mpaka karibu na matundu, unamimina petroli, unakoroga kwa kijiti, unasogea nyuma, unatupia njiti ya kibiriti. Chai ya askari kumi na wawili inachemka kabla hujamaliza sigara yako. Ndivyo alivyotusimulia, nasi hatukuwa na sababu ya kumbishia, maana hatukuwahi kuona jangwa. Sisi tuliishi bondeni, karibu na pale mto Lufilyo unapokaribia kuingia ziwani, ambako kuanzia Machi mpaka Mei chumvi hugeuka uji ndani ya kibuyu chake.

Nayaandika haya nikiwa nimempita baba umri aliokuwa nao wakati ule. Nina shahada ya chuo kikuu iliyotundikwa ukutani, na chini yake nina jiko la umeme. Wiki iliyopita umeme ulikatika siku mbili. Nilikula mkate mkavu, nimezungukwa na vitabu, kimojawapo kikieleza historia ya moto. Ndipo nikamkumbuka baba na sanduku lake.

Lilikuwa sanduku la mbao lililowahi kubeba majani ya chai. Baba aliliweka kwenye dari, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Ndani yake mlikuwa na lile debe la jiko na mchanga wake, kibiriti ndani ya chupa iliyozibwa kwa kizibo na nta, chupa ya mafuta ya taa, kisu, kamba, msumari mrefu na filimbi. Kila mwaka mvua zilipokaribia, alisimama uani akapuliza filimbi hiyo na kupiga kelele, "Maji!" Sisi tulipaswa kukimbia ndani na kupanda ngazi ya mianzi mpaka darini kabla hajahesabu mpaka mia moja. Mimi ndiye niliyekuwa jeshi lake lote. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mtoto pekee, na nilipanda vizuri. Mama alibaki chini akifinyanga.

"Na wewe umekufa," baba alimwambia. "Umezama."

"Nikizama utapikiwa na nani?" mama alimjibu. "Na debe?"

Mama alikuwa Mkisi kutoka ufukweni, upande wa pili wa Lyulilo, ambako wanawake huzaliwa na udongo mikononi. Aliolewa na Mnyakyusa mkulima wa mpunga, akaja bondeni na ufundi wake. Majirani walimtania kwamba kaja kufinyanga matope ya kwao bure. Aliwaacha wacheke. Vyungu vyake vilikwenda mpaka Ipinda, vimepangwa kwenye matenga na kushindiliwa pumba za mpunga ili visigongane njiani.

Mwaka ninaousimulia mama alikuwa na mimba, na hapo ndipo lilipofanyika kosa ambalo mke wa mkulima wa kawaida asingelifanya. Kwa desturi ya nyumbani kwao, mwanamke akishajifungua haugusi udongo kwa miezi mingi. Mama alipohisi tumbo linashuka mapema, hakuwaza kitanda. Aliwaza vyungu ishirini vilivyokuwa vimekauka vinangoja kuchomwa. Alishusha kuni zote zilizokuwa darini, akiba yetu ya masika, akashusha na nyasi kavu, akavichoma vyungu vyote kwa siku moja isiyo na mvua. Vilitoka vizuri, vyekundu, hakuna hata kimoja kilichopasuka. Alivifunga kwenye matenga, akayapandisha darini, kisha akashikwa na uchungu.

Mtoto alizaliwa mwezi mzima kabla ya siku zake. Alikuwa msichana, naye alikuwa na urefu wa kiatu cha baba cha jeshini. Hakulia. Alitoa sauti kama mlango unaofunguliwa taratibu.

Bibi, mama yake mama, alikuja kutoka Lyulilo mara alipopata habari. Naye alipoingia kwa mlango, baba alitoka. Siyo kwamba walikuwa wamegombana. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawaangaliani usoni, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja. Wakikutana njiani mmoja huingia porini. Kwa miaka yote hiyo, kama baba alikuwa na neno kwa bibi, aliniambia mimi, nami nikamwambia bibi aliyekuwa amesimama hatua tano nyuma yangu na amekwisha kulisikia.

"Mwambie bibi yako ndaga, asante kwa kuja," baba aliniambia uani. "Mwambie mimi nakwenda Ipinda kwa rafiki yangu mpaka mama yako apate nguvu. Kule kuna mfanyabiashara mwenye lori. Nitapata petroli. Jiko bila petroli ni debe tu."

"Mwambie baba yako," bibi alisema kutoka nyuma ya mlango, "atulete kuni, petroli yanywe malori."

Baba alijifanya hakusikia, maana kusikia kungekuwa kukosa adabu. Alivaa koti lake la jeshi akaondoka.

Maji yalikuja siku ya tatu tangu aondoke, asubuhi, wakati bibi anakoroga uji kwa kuni za kuokota. Kwetu mvua haikuwa kubwa. Ilikuwa imenyesha milimani, na mto ukatuletea. Kwanza niliona kuku anatembea mezani. Kisha yale maji ya rangi ya chai yakaingia chini ya mlango, yakazunguka mafiga, na moto ukafa kwa sauti ya mtu anayefyonza meno. Hakuna aliyepuliza filimbi. Bibi alimweka mtoto kifuani ndani ya kanga, tukamsukuma mama ngazini, mimi chini nikimbeba miguu, bibi juu akimvuta kwapa. Alianguka majini mara moja. Tulipofika darini alikuwa amelowa mpaka nywele, na mkeka tuliotaka kumlaza ulikuwa umelowa pia.

Jirani yetu alipita na mtumbwi mlangoni, amempakia mama yake na mbuzi wawili.

"Mko wangapi?" alipiga kelele.

"Wanne!" nilijibu. "Mmoja mdogo!"

"Nafasi hakuna, nitarudi! Maji yanavuta sana huku!"

Hakurudi siku ile. Baadaye tulijua kwamba alisukumwa mpaka kwenye mashamba ya watu wengine, akashikilia mti.

Bibi alifungua kanga, akashika miguu ya mtoto. Akasema, "Samaki." Nami nikashika. Ilikuwa baridi kama samaki aliyetolewa majini. Alimweka kifuani kwa mama, lakini mama mwenyewe alikuwa anatetemeka mpaka mianzi ya dari ikalia, na meno yake yaligongana hata akashindwa kusema. Bibi alikuwa mzee, mwili wake mkavu hauna joto la kumgawia mtu. Mimi nilikuwa mifupa iliyolowa.

"Akiendelea hivi," bibi aliniambia kwa sauti ya chini, kwa Kikisi ili mama asidhani tunamsema, kana kwamba mama hakukijua Kikisi, "hatafika jioni. Tunataka moto."

Nakiri kwamba nilifurahi. Nilikuwa nimengoja siku hiyo miaka mitatu. Nilifungua sanduku, nikapanga vitu mstari mmoja kama nilivyofundishwa, nikamimina mafuta ya taa kwenye mchanga badala ya petroli, nikakoroga kwa kijiti, nikasogea nyuma, nikatupia njiti. Ilizimika. Nikatupia ya pili, ikazimika. Ya tatu niliishika mpaka ikaniunguza kidole, na mchanga ukashika moto, kama huo unaweza kuitwa moto. Ulikuwa ulimi mwekundu, mvivu, unaotoa moshi mweusi mzito kuliko nywele za mtu. Moshi ulijaa chini ya paa. Mama akakohoa. Mtoto hakukohoa, akafungua tu kinywa, na hilo lilinitisha zaidi.

"Zima!" bibi alisema. "Baba yako anatukausha kama dagaa wa usipa!"

"Nitazima vipi, bibi?"

Alinionyesha. Alilisukuma debe kwa mguu wake mtupu, likaanguka majini, likazama, na huo ndio ukawa mwisho wa jiko la jangwani. Sehemu ya mchanga ilimwagika juu ya mianzi. Nililia. Ningependa kuandika kwamba nilimlilia mdogo wangu, lakini nilililia debe.

Bibi alikuwa tayari anafungua matenga ya vyungu. Alichota pumba kiganjani, akazinusa, akaziponda kwa vidole. Zilikuwa kavu kabisa. Mama alikuwa ameyafunga matenga siku ya jua, na yalikuwa juu.

"Kwetu tunavimwagia hizi vyungu vikitoka motoni, ili viwe vyeusi," alisema. "Haziwaki. Zinakula polepole, kutoka katikati. Ukizipa pumzi kutoka chini, zinakula mpaka kesho. Nipe chungu. Kitoboe chini, pembeni, tundu la dole gumba."

Nilichukua chungu na kisu. Niligonga. Kilipasuka vipande viwili. Mama alisikia, akageuza kichwa. Nikachukua cha pili, nikagonga taratibu zaidi, kikapasuka taratibu zaidi. Cha tatu nilikigonga kwa ule msumari, ufa ukapanda mpaka mdomoni, kikanibakia mkononi kama yai lililokatwa. Chungu kizuri hakipendi kutobolewa. Udongo wake umeshikana wote. Ukiuvunja mahali pamoja umeuvunja kila mahali. Nilijua hayo, nilikuwa mtoto wa mfinyanzi, lakini nilikuwa na haraka, na mpaka leo kwenye haraka ninachokijua huwa kinanikimbia. Chuo kikuu hakikulitibu hilo.

"Usigonge," mama alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu tumpandishe. Alisubiri meno yatulie. "Sugua. Mchanga ule. Lowesha. Weka msumari juu yake, zungusha kwa viganja. Usikandamize."

Nikafanya hivyo. Nilikusanya mchanga wa baba uliomwagika, nikaulowesha, nikaushika msumari katikati ya viganja na kuuzungusha, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama mtu anayesokota kamba. Ilichukua muda ambao siwezi kuupima. Kila nilipotaka kukandamiza, mama alisema, "Taratibu," bila kufungua macho. Alikuwa anasikiliza sauti ya udongo. Bibi alikuwa anapumulia miguu ya mtoto. Viganja vyangu vilitoka malengelenge, yakapasuka, mchanga ukaingia, nao ulikuwa na mafuta ya taa. Hatimaye msumari ukapita. Nikalipanua tundu kwa ncha ya kisu, punje baada ya punje, mpaka dole gumba likaingia. Chungu hakikupasuka.

Bibi alitandaza vigae vya vyungu nilivyovunja ili mianzi isiungue, akaweka chungu juu yake. Aliingiza kijiti kwenye tundu la chini mpaka katikati, akasimamisha ile chupa ya kibiriti juu ya ncha ya kijiti, kisha akamwaga pumba kuzunguka chupa na kuzishindilia kwa ngumi, akamwaga tena na kushindilia, mpaka mdomoni. Alivuta chupa kwa kuizungusha. Akavuta kijiti. Pakabaki shimo lililonyooka katikati ya pumba, limeungana na tundu la chini. Tulidondoshea mafuta ya taa kidogo, nikatupia njiti. Zilikuwa zimebaki nne.

Ulitoka moshi mweupe, kisha ukapungua. Nilipochungulia ndani ya shimo niliona ukuta wa pumba umekuwa mwekundu pande zote, bila ndimi, kama koo la mtu anayeumwa. Bibi alitegesha kanga juu yake, ikapata joto, tukamvika mtoto. Tukaipasha nyingine, tukabadilisha. Baada ya kubadilisha mara nyingi miguu yake haikuwa tena ya samaki. Haikuwa ya mtu pia. Ilikuwa katikati.

Tulikaa hivyo mchana kutwa, na usiku wake, tukijaza chungu kila kilipokwisha. Kichwa kilianza kunigonga, na mama akasema anaona paa linazunguka. Bibi alijua ni pumzi ya pumba. Alichukua kisu akapasua nyasi za paa, tundu la kichwa cha mtu, na mvua ikaanza kuingia. Basi ikawa hivi: tukiziba tundu kwa kanga, tunapata joto na vichwa vinapasuka, tukizibua, tunapumua na mtoto anapoa. Tulikwenda hivyo, tukiziba na kuzibua. Asubuhi bibi aliingiza mkono kwenye tenga la mwisho, akausugua chini.

"Mara moja tu," alisema. "Halafu basi."

Tulijaza hiyo mara moja.  Jua lilikuwa katikati, nyuma ya mawingu, na wekundu wa ndani ya chungu ulikuwa umefika ukutani, hauna tena cha kula, tuliposikia upondo wa mtumbwi unagonga mlango.

Harufu ilimtangulia. Ilikuwa harufu ya lori. Kisha baba akaingia, maji yamefika kiunoni, mikono ameikunja kifuani juu ya koti lake. Jirani yetu alikuwa amemkuta amekwama ng'ambo, akamvusha. Tulimsikia nje akiushikilia mtumbwi usichukuliwe. Baba hakuangalia juu, maana alijua nani yuko juu.

"Mwanangu," aliniita, macho kwenye maji, "mwambie bibi yako nimepata. Chupa mbili. Moja imevunjika kifuani tulipogonga kisiki, lakini moja ipo."

Akashika ngazi.

"Usipande!" mama alipiga kelele. Sikujua kwamba bado alikuwa na sauti hiyo. "Simama hapo, baba watoto! Kuna moto huku!"

Baba alisimama na mguu mmoja kwenye ngazi. Koti lake, shati lake, kaptura yake, vyote vilikuwa vimelowa petroli. Alikuwa ametembea, amepanda mtumbwi, ameogelea, akilinda kifuani kitu pekee ambacho kingeweza kutuchoma wote wanne pamoja na paa.

"Mtoto je?" aliuliza.

 Mimi ndiye niliyekuwa na kazi ya kupeleka maneno.

Ndipo bibi akazungumza naye, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza katika maisha yao.

"Mkwe. Pumba zimekwisha. Mama yake ana homa ya baridi. Mimi mzee. Mwenye damu ya moto hapa ni wewe peke yako. Toka nje ukavue, ujioshe mbali na nyumba, urudi, upande ngazi."

"Nivue, mama?"

"Vyote."

Baba alitoka. Jirani aliipokea chupa nzima. Tulimsikia baba akijimwagia maji na kujisugua kwa majani, na jirani akisema, "Ndugu yangu, vita gani tena hii?" Kisha akarudi ndani, maji kiunoni, mikono ameikunja, akasimama chini ya ngazi. Hakupanda. Maji yalimsitiri mpaka kiunoni, na ngazi ilianzia hapo. Mtu aliyekuwa mbele vitani, kama alivyosema, alishindwa kupanda vijiti sita.

"Nitupieni kanga," alisema.

Kanga hazikuwapo. Zote zilikuwa zimemzunguka mtoto, au zimelowa chini ya mama, au zimeziba paa. Bibi alijitazama. Alikuwa na kaniki kiunoni na kanga moja mabegani. Aliivua, akaitupa chini bila kuangalia, kisha akageukia paa na kuzamisha uso wake kwenye nyasi, mgongo mtupu wa kizee ukiwa upande wetu.

"Mimi sioni," alisema ndani ya nyasi. "Nimekuwa kipofu tangu asubuhi. Na hiyo kanga sijui ni ya nani. Panda, mkwe, mtoto anapoa."

Baba aliishika kanga ya mama mkwe wake kama anashika nyoka. Kisha akajifunga. Alipanda akiwa amefumba macho, naye kipofu, nikamwongoza mkono ili asikanyage chungu. Alilala chali kando ya vigae. Mama akamfungulia mtoto vitambaa vyote, akamlaza mtupu juu ya kifua cha baba, nami nikawafunika na kila kilichokuwa kikavu, ambacho kilikuwa kidogo. Mtoto alionekana kama kitu ambacho baba alikiokota njiani.

Tulingoja. Moto wa pumba ulizimika nikiutazama. Baba alikuwa anapumua kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa. Bibi hakutoa uso wake kwenye paa. Mama alikuwa ameweka kidole kimoja juu ya mgongo wa mtoto na hakukiondoa.

Muda mrefu baadaye baba alistuka.

"Amenikojolea," alisema.

Mama alifunika mdomo.

"Tangu jana alikuwa hajakojoa," bibi alisema kutoka kwenye nyasi. "Mkojo ni wa moto au wa baridi?"

Baba alifikiri. "Wa moto, mama."

"Basi nyamaza," bibi alisema, "usimwamshe."